Stanislaus: maswali ninayoulizwa kila mara kuhusu jina hili

Kwenye cheti changu cha ubatizo naitwa Stanislaus. Kwenye cheti cha kidato cha nne naitwa Stanslaus. Bibi yangu aliniita Sitani hadi anafariki, na kazini wananiita Stan. Majina manne, mtu mmoja, na kwa miaka mingi sikujua hata moja linatoka wapi. Siku nilipoanza kufuatilia nikajikuta nimekuwa mtaalamu wa jumuiya nzima. Kila anayepata mtoto wa kiume mwezi wa tano ananipigia simu. Maswali yao nimeyakusanya hapa, ili nikipigiwa tena niwe natuma ukurasa huu.

Stanislaus ni jina la wapi hasa?

La Waslavi, yaani Wapolandi, Wacheki, Waslovakia, Warusi, Waukraina na ndugu zao. Wengi wetu tukisikia "-us" mwishoni tunasema moja kwa moja kuwa ni Kilatini, na hatuna kosa, kwa sababu ndivyo lilivyotufikia. Lakini hiyo "-us" ni koti tu. Makarani wa Kanisa Ulaya ya zamani waliandika kila kitu kwa Kilatini, na jina lolote lililoingia kwenye daftari lao lilitoka limevalishwa mkia huo. Ukilivua koti unamkuta Stanisław wa Wapolandi na Stanislav wa Wacheki na Warusi. Wafaransa walilifanya Stanislas, ndiyo maana ukivuka kwenda Burundi, Rwanda au Kongo, ambako wamisionari wengi walizungumza Kifaransa, unakutana na Stanislas, lakini ukirudi Bukoba ni Stanislaus. Wahispania wanasema Estanislao, Wareno Estanislau, Walituania Stanislovas. Wahungaria walilipindapinda mpaka likawa Szaniszló. Hilo sijaribu kulitamka mbele za watu.

Lina maana gani?

Ni vipande viwili vilivyounganishwa. Cha kwanza, "stan", kinatokana na kitenzi cha kusimama, kusimamisha, au kuwa. Cha pili, "slav" au "sław", ni utukufu, sifa, jina jema. Wapo wanaolifasiri "anayepata utukufu", na wapo wanaosema "utukufu na usimame". Mimi nashika hii ya pili, kwa kuwa majina haya ya vipande viwili yalikuwa dua ya mzazi kwa mtoto: hayakueleza mtoto yukoje bali mzazi anamwombea nini. Hiyo "slava" huenda umeisikia kwenye taarifa za habari, pale Waukraina wanaposema "Slava Ukraini", utukufu kwa Ukraina. Ni neno lile lile.

Mizizi ya vipande hivi inakwenda mbali zaidi, na hapa ndipo nilipofurahi. "Slava" ina asili moja na "kleos" ya Kigiriki, sifa au umaarufu, ile iliyomo ndani ya jina la Kleopatra na la Kleopa wa kwenye Injili. "Stan" nayo ina asili moja na kitenzi cha Kilatini cha kusimama kilichozaa Konstantino na Konstansia, na cha Kigiriki kilichozaa Anastazia, yaani ufufuko, kusimama tena. Kwenye jumuiya yetu tuna Mama Konstansia na Mama Anastazia wawili. Niliwaambia siku moja baada ya rozari kwamba sisi wanne ni ndugu wa jina. Mmoja akaniuliza kama undugu huo unasaidia kwenye michango.

Kwa hiyo si jina la Kikristo?

Hili ndilo swali ninalolipenda, na jibu lake ndilo lililonifanya niandike.

Polandi iliupokea Ukristo mwaka 966, mtawala wao Mieszko alipobatizwa. Majina kama Bolesław, Mirosław, Władysław na Stanisław ni ya ukoo wa majina uliokuwapo kabla ya hapo, enzi ambazo Waslavi waliabudu miungu yao. Yule askofu tunayemwita Mtakatifu Stanislaus alizaliwa karibu na mwaka 1030. Wazazi wake walipompa jina hilo hapakuwa na mtakatifu yeyote anayeitwa hivyo. Walimpa jina la kwao, la kienyeji, kama ambavyo Mhaya anamwita mwanawe Byamungu. Jina likawa takatifu baadaye, kwa sababu ya aliyelibeba.

Ukitaka kuhakikisha, nenda kwa Waorthodoksi wa Urusi. Warusi wenye jina la Stanislav ni wengi, lakini kalenda ya watakatifu ya Kanisa lao haina Stanislav. Mtoto wao akipelekwa kubatizwa anapewa jina jingine la Kanisa, mara nyingi Vladislav. Jina lile lile ambalo Bukoba linahesabiwa la dini kabisa, Moscow padri analiona la nyumbani tu.

Sasa ya kwetu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimtaka paroko ahakikishe anayebatizwa anapewa jina la Kikristo, na wazazi wakishikilia la kwao, aongeze jina la mtakatifu na kuyaandika yote mawili kitabuni. Sheria ya mwaka 1983 imelegeza: inataka tu jina lisiwe geni kwa hisia za Kikristo. Babu yangu alibatizwa chini ya ile ya kwanza. Alikwenda misheni akiitwa Mutalemwa, asiyeshindwa, akarudi Stanislaus. Kwenye kitabu cha parokia nimeuona mstari wake, wino umekuwa wa kahawia, herufi zimelala upande kama majani ya mpunga kwenye upepo: Stanislaus, na baada ya hapo jina la baba yake. Mutalemwa halimo. Nani aliliacha, padri, katekista au babu mwenyewe, kitabu hakisemi. Lakini tazama kilichotokea: dua ya Kihaya imewekwa pembeni, ikachukuliwa dua ya Kislavi ya aina ile ile, kwa imani kwamba moja ni ya kipagani na nyingine si ya kipagani.

Mtakatifu Stanislaus ni yupi?

Wapo zaidi ya mmoja, lakini wawili ndio waliolisambaza jina.

Wa kwanza ni Stanislaus wa Szczepanów, askofu wa Kraków kuanzia mwaka 1072. Hadithi yake maarufu ni ya kesi ya ardhi, kwa hiyo Mtanzania yeyote ataielewa. Inasimuliwa kwamba askofu alinunua shamba kwa mtu aitwaye Piotr. Piotr akafa. Warithi wakaja juu, wakasema hawajui mauziano yoyote, na mfalme akawa upande wao. Askofu akaomba siku tatu, akafunga na kusali, kisha akaenda kaburini akamwita marehemu. Piotr akafufuka, akaenda mbele ya mfalme, akatoa ushahidi kwamba aliuza na alilipwa. Alipoulizwa kama anataka kubaki duniani, akakataa, akarudi zake kaburini. Ni masimulizi, si historia, lakini mwenye kesi kwenye baraza la ardhi la kata atatamani yangekuwa kweli.

Historia yenyewe haina kicheko. Askofu aligombana na Mfalme Bolesław wa Pili, na tarehe 11 Aprili 1079 akauawa. Mapokeo yanasema ilikuwa katika kanisa la Skałka, akiwa altareni, na kwamba mwili wake ulikatwa vipande, tai wakavilinda, halafu vikaungana tena. Mfalme naye alipoteza kiti, akakimbilia Hungaria. Baadaye Polandi iligawanyika katika tawala ndogondogo, na watu wakausoma muujiza ule kama ishara: mwili wa askofu umeungana, nchi nayo itaungana. Ndiyo sababu alipotangazwa mtakatifu huko Assisi mwaka 1253, jina lake lilikuwa limeshakuwa la kitaifa. Masalia yake yamo ndani ya jeneza la fedha katika kanisa kuu la Wawel, Kraków.

Aliyekalia kiti hicho cha Kraków karne tisa baadaye ni Karol Wojtyła, yule Papa Yohane Paulo wa Pili aliyekuja Tanzania Septemba 1990. Mwaka 1979 alitaka kwenda kwao mwezi Mei kuadhimisha miaka 900 ya kifo cha Stanislaus. Serikali ya kikomunisti ikakataa mwezi huo, maana ilijua hadithi ya askofu aliyesimama dhidi ya mtawala inaweza kuwasha nini. Akaenda Juni. Moto uliwaka vilevile.

Wa pili ni Stanislaus Kostka, kijana wa familia yenye cheo, aliyezaliwa mwaka 1550. Akiwa masomoni Vienna alitaka kuingia shirika la Wajesuiti, ndugu zake hawakutaka, akatoroka kwa miguu hadi Ujerumani na hatimaye Roma. Alipokewa, akafariki akiwa mnovisi, yaani aliye katika malezi ya mwanzo ya utawa, tarehe 15 Agosti 1568, na umri wa miaka 17. Ni msimamizi wa vijana na wanovisi. Ukikutana na sanamu ya kijana mwenye kanzu nyeusi, amembeba Mtoto Yesu, yawezekana ni yeye.

Sikukuu ya somo wangu ni lini?

Inategemea umri wako na unamfuata yupi. Kalenda ya zamani iliweka ya askofu tarehe 7 Mei, na wazee waliobatizwa kabla ya 1969 wanaikumbuka hiyo. Kuanzia mageuzi ya mwaka 1969 ni tarehe 11 Aprili, siku aliyouawa. Polandi wao wanaifanya tarehe 8 Mei. Kostka ni 13 Novemba kwa Wajesuiti, na 18 Septemba kwa Wapolandi.

Neno letu "somo" linaeleza jambo ambalo Wapolandi wanalichukulia kwa uzito mkubwa. Sikukuu ya somo kwao wanaiita "imieniny", na hasa kwa watu wazima ilikuwa na heshima kuliko siku ya kuzaliwa. Wageni hawasubiri mwaliko. Kalenda inawaambia, wanakuja na maua. Babu yangu angewaelewa. Siku aliyozaliwa hakuijua, alijua tu ilikuwa mwaka wa nzige, lakini tarehe 7 Mei aliijua, na siku hiyo hakushika jembe.

Wenyewe wanalitamkaje?

Stanisław: ile "ł" yenye mkwaju ni "w" kama ya "wali", na "w" ya mwisho inageuka "f". Kwa hiyo ni Sta-nyi-swaf, mkazo kwenye "nyi". Kipolandi huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno, sawasawa na Kiswahili. Nilipomwambia mtawa mmoja wa Kipolandi "Stanyiswaf" aliniuliza nimesoma wapi.

Jambo jingine ni kwamba jina hubadilika kulingana na kazi yake kwenye sentensi. Ukimwita mtu, Stanisław anakuwa "Stanisławie!" Ukienda naye, ni "Stanisławem". Usishangae ukiona jina moja limeandikwa kwa namna tano kwenye barua moja.

Vifupisho vyake ni vipi?

Mtoto wa Kipolandi ni Staś, akikua Staszek au Stach. Wacheki wanasema Standa. Warusi wanasema Stas, au wanachukua mkia peke yake: Slava. Sisi tuna Stan, Stani na Sitani, na nimewahi kukutana na mzee anayeitwa Lausi, ambaye hakujua kama ni kipande cha jina refu.

Stanley na Stanislaus ni jina moja?

Hapana. Stanley ni la Kiingereza cha kale, lina maana ya uwanda wenye mawe, na mwanzoni lilikuwa jina la mahali. Mkanganyiko umetokana na wahamiaji wa Kipolandi Marekani, ambao walichoka kusahihishwa kazini na shuleni, wakajiita Stanley. Yule Stanley wa historia yetu, aliyekutana na Livingstone Ujiji mwaka 1871 na ambaye Kisangani iliitwa kwa jina lake, hana uhusiano wowote na Waslavi. Wala Stanley halikuwa jina lake la kuzaliwa: alizaliwa John Rowlands.

Kuna la kike?

Lipo: Stanisława kwa Kipolandi, Stanislava kwa Kicheki na Kirusi, na kwa mkato Stasia, mkato ambao Wapolandi huutumia pia kwa Anastazja. Kwetu sijalikuta sana. Ninayemkumbuka kila nikiulizwa ni Stanisława Leszczyńska, mkunga wa Łódź aliyefungwa Auschwitz wakati wa vita. Ndani ya kambi ile aliendelea kuzalisha wanawake, zaidi ya watoto 3,000 kwa maelezo yake mwenyewe, bila vifaa, katika mabanda yenye panya. Wengi wa watoto hao hawakuishi. Kama una binti na unataka jina lenye uzito, hilo hapo.

Limefika wapi kwingine?

Ufaransa, mji wa Nancy una uwanja mzuri mno uitwao Place Stanislas, uliojengwa katika miaka ya 1750 na Stanisław Leszczyński, aliyepoteza ufalme wa Polandi akapewa kuitawala Lorraine. Lakini kisa kinachonigusa ni cha California. Huko kuna mto Stanislaus na kaunti ya Stanislaus, na ungedhani kuna Mpolandi aliyepita. Hakuna. Jina ni la mwenyeji wa pale, mtu wa kabila la Yokuts, aliyebatizwa na wamisionari wa Kihispania katika misheni ya San José akaitwa Estanislao. Mwishoni mwa miaka ya 1820 alitoroka misheni, akaongoza uasi, akawashinda askari wa Meksiko zaidi ya mara moja. Mto waliopigania ukabaki na jina lake. Kwa hiyo watu wa California leo wanatamka jina la Kislavi walilopewa na mwasi wa Yokuts kupitia Kihispania na Kilatini. Babu yangu asingejiona mpweke.

Na yupo Stanislav Petrov, afisa wa jeshi la Kisovieti. Usiku wa tarehe 26 Septemba 1983 mitambo yake ilionyesha makombora ya Marekani yakija. Akaamua kwamba ni kosa la mitambo, hakupiga mbiu ya vita. Ilikuwa miale ya jua kwenye mawingu imeidanganya setilaiti.

Waliwahi kuishi Wapolandi Afrika Mashariki?

Ndiyo, kwa maelfu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Waingereza waliwaleta huku wakimbizi wa Kipolandi, wengi wao wanawake na watoto, waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na Wasovieti hadi Siberia na Kazakhstan, kisha wakatokea Iran. Kambi kubwa ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, ikiwa na watu wapatao 5,000. Nyingine zilikuwa Masindi na Koja kule Uganda, na Ifunda, Kidugala, Kondoa na Morogoro upande wetu. Makaburi yao Tengeru yapo hadi leo na yanatunzwa. Lakini jina letu halikuletwa na hao. Babu alikuwa ameshabatizwa zamani, na waliombatiza walikuwa wamisionari wa shirika la Mapadri Weupe, sio Wapolandi.

Tahajia sahihi ni ipi?

Yenye herufi zote: Stanislaus. Ila Stanslaus, bila "i" ya kati, imeenea Tanzania kiasi kwamba kuiita kosa ni kujisumbua. Stanslaus Mabula alichaguliwa mbunge wa Nyamagana mwaka 2015 kwa tahajia hiyo hiyo. Ushauri wangu ni mmoja: chagua moja na uing'ang'anie tangu cheti cha kuzaliwa.

Nasema hivi kwa uchungu. Mwaka niliokwenda kufuatilia malipo fulani, karani aliviweka vyeti vyangu viwili sambamba mezani, akapitisha kalamu chini ya kila herufi kama mwalimu wa darasa la kwanza. Akafika kwenye "n", akasimama.

"Huyu Stanislaus ni nani?"

"Ni mimi."

"Na huyu Stanslaus?"

"Ni mimi vilevile, mkuu."

"Basi leta kiapo."

Nikaenda kwa wakili, nikaapa kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja, nikalipia muhuri. Kwa ajili ya "i" moja nilipoteza wiki mbili na nauli ya kwenda na kurudi mara tatu.

Nimpe mwanangu jina hili?

Mpe. Polandi kwenyewe lilikuwa limebaki la wazee, na sasa vijana wameanza tena kuwapa watoto wao. Ila usimpe ukidhani unamwondolea ya kwenu ili umpe ya mbinguni. Na ukimpa, andika herufi zote kwenye fomu wewe mwenyewe, usimwachie mtu.

Wangu nilimpeleka kubatizwa na majina mawili. Padri kijana akashika kalamu, akaniuliza la kwanza linaandikwaje.

"Mutalemwa."

"Maana yake?"

"Asiyeshindwa."

Akaliandika, halafu akaandika Stanislaus mbele yake. Nilisimama nyuma yake nikihesabu herufi.